Prisoners, Gone Baby Gone au Changeling: tutazame ipi Jumamosi usiku?

FundiUmoja

Niaje wanabaraza. Jumamosi shemeji yangu na mkewe wanakuja kwangu Umoja, na tumekubaliana kwamba baada ya kula tutazame muvi moja nzito, si zile za kulipua magari. Mke wangu ndiye aliyetoa mada: watoto waliopotea na polisi wanawatafuta. Nikamuuliza kwa nini hiyo, akaniambia wewe tafuta tu.

Nimechuja nikabaki na tatu.

Prisoners (2013), ya Denis Villeneuve, ndani yuko Hugh Jackman na Jake Gyllenhaal. Wasichana wawili wanapotea mtaani kwao Pennsylvania siku ya Sikukuu ya Shukrani. Dakika 153.

Gone Baby Gone (2007), ya Ben Affleck, na mdogo wake Casey ndiye mpelelezi. Boston. Dakika 114.

Changeling (2008), ya Clint Eastwood, na Angelina Jolie ndiye mama mwenye mtoto. Los Angeles ya 1928, kisa cha kweli. Dakika 141.

Masharti ni haya. Shemeji anarudi Ruiru usiku huohuo na hana gari, kwa hivyo saa nne na nusu awe stejini. Mke wangu hataki kuona mtoto akiumizwa kwenye skrini, hilo halina mjadala. Na mimi nataka ile ambayo ikiisha watu hawashiki simu zao, wanabishana. Aliyezitazama zote tatu aseme, lakini msiniharibie uhondo.

MzeeKaloleni

Prisoners. Ungeuliza hata usiku wa manane ningekujibu hivyohivyo.

Nitakueleza kwa nini bila kukufichulia. Familia mbili jirani zinakula pamoja, watoto wanatoka nje kucheza, na barabarani kumeegeshwa gari kuukuu la kulala ndani, lile kubwa kama basi dogo. Wasichana wanalichezea, dada na kaka zao wakubwa wanawafukuza pale. Baadaye wazazi wanashtuka wasichana hawapo, na lile gari pia halipo. Mpelelezi Loki analipata usiku huohuo, na ndani yake kijana mmoja mkimya, Paul Dano, ambaye akili yake haijapita ya mtoto wa miaka kumi. Hakuna alama, hakuna damu, hakuna nywele. Sheria inasema aachiliwe. Anaachiliwa.

Sasa weka nafsi yako pale. Wewe ni baba. Kijana anatoka kituoni, unamkaba hapo nje mbele ya watu, na anakunong'onezea maneno ambayo ni wewe tu umeyasikia. Polisi wanakuambia hakusema kitu. Utafanya nini? Alichofanya Jackman ndicho kinachobeba filamu nzima, na wengi wetu tulimzoea Jackman wa makucha ya Wolverine, kumbe huyu wa hapa, asiye na makucha yoyote, ndiye wa kuogopwa.

Halafu picha zenyewe. Roger Deakins ndiye aliyeshika kamera, na aliteuliwa Oscar kwa kazi hiyo. Mvua, theluji chafu, vioo vyenye ukungu, mwanga wa tochi. Ni ile hali yetu ya Julai, mawingu kutwa na hujui kama ni asubuhi au jioni, ila wao wamekaa nayo saa mbili na nusu. Muziki ni wa Jóhann Jóhannsson, na kuna sehemu hata husikii kwamba ni muziki, unasikia tu kifua kinabana.

Dakika 153 ni nyingi, sikatai. Kuleni mapema.

dereva_46

Prisoners ingefanyiwa sauti na DJ Afro, yule anayesimulia muvi kwa lugha ya mtaani, ningeitazama kila wiki. "Sasa baba ya mtoi ameshika nyundo, na ile nyundo si ya kujenga nyumba..."

BintiPangani

Mzee Kaloleni, heshima zako, lakini umesahau sharti la mke wa Fundi. Ni kweli hakuna mtoto anayepigwa mbele ya kamera. Lakini huyo kijana wa Paul Dano ni mtu mzima mwenye akili ya mtoto, na anateswa muda mrefu kwelikweli. Uso wake unavimba hadi macho hayaonekani. Kuna kile kijichumba cha bafu kilichozibwa kwa mbao, kimeachwa tundu dogo tu la kumtazama, na maji ya moto yanafunguliwa kutoka nje. Mimi mkono wangu ulikuwa mdomoni. Mama anayekataa kuona mtoto akiumizwa ataona nini hapo?

Kwangu mimi Gone Baby Gone. Fupi, inatosha kwa shemeji wa Ruiru, na fujo zake ni chache ingawa zipo.

Kasichana kadogo kametoweka Dorchester, mtaa wa watu wa kipato cha chini Boston. Shangazi yake anakwenda kuwakodi wapelelezi wawili wa kibinafsi, Patrick na Angie, wapenzi waliozaliwa na kukulia humohumo. Kwa nini awakodi ilhali polisi wapo? Kwa sababu mtaani watu hawaongei na polisi. Hiyo peke yake ikanifanya nikae vizuri kitini, kwa sababu hapa kwetu pia kuna mambo ambayo muuza mboga wa pembeni anayajua na OCS, mkuu wa kituo cha polisi, hayajui, na hatamwambia.

Mama wa mtoto anaitwa Helene, ameigizwa na Amy Ryan, na ndiye sababu ya kutazama filamu hii. Mlevi, anatumia unga, muongo, mdomo mchafu, na siku mtoto alipopotea alikuwa anakodai alikuwa? La, hakuwa huko. Unamchukia ndani ya dakika kumi. Halafu kuna sehemu moja tu, ndani ya gari, anapovunjika na kumsihi Patrick amletee mtoto wake, na chuki yako inakosa pa kukaa. Oscar waliishia kumteua tu, hawakumpa.

Affleck ndiye mwana wa Boston, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza ndefu kuongoza. Aliwaweka mbele ya kamera wakazi wa kweli wa mitaa ile, na inaonekana: meno, mikono, namna watu wanavyokaa ngazini. Hakuna sura ya duka la urembo pale, labda wapelelezi wenyewe tu.

MzeeKaloleni

> Mama anayekataa kuona mtoto akiumizwa ataona nini hapo?

Binti, hiyo ndiyo hoja ya filamu yenyewe! Villeneuve hakukuwekea mateso ili ufurahie. Anakuwekea ili ujiulize kwa nini dakika tano zilizopita ulikuwa unamshangilia baba. Na angalia kina Birch, ile familia jirani iliyopotelewa na mtoto pia, Terrence Howard na Viola Davis. Hawapigi, hawazuii. Wanajua, wananyamaza, wanarudi nyumbani kungoja matokeo. Mimi hao ndio walionitisha kuliko Jackman. Sisi wengi ni kina Birch.

BintiPangani

Hapo nakubali, hasa Viola Davis. Sentensi zake hazifiki ishirini na bado ukiulizwa unamkumbuka. Lakini Fundi ameuliza ya kutazama na mke na shemeji, si ya kwenda kutubu.

MamaWawili

Nyote mnasahau Changeling, na ndiyo ya pekee katika hizi tatu ambayo haikutungwa.

Christine Collins alikuwa msimamizi kwenye ofisi ya simu Los Angeles. Kwenye filamu utamwona akipita nyuma ya wasichana wa simu akiwa na viatu vya magurudumu, kwa sababu laini ya meza ilikuwa ndefu. Jumamosi moja ya Machi 1928 anaitwa kazini ghafla, anamwachia mwanawe Walter, miaka 9, chakula kwenye friji. Anarudi jioni, nyumba kimya.

Miezi mitano baadaye polisi wanatangaza kuwa wamempata. Waandishi wa habari wamejaa stesheni ya reli, mtoto anashuka, na mama anasema huyu si wangu. Kapteni wa polisi anamwambia amchukue tu nyumbani akamjaribu. Amjaribu! Kama sufuria ya dukani.

Sasa kuna kitu kimoja pale ambacho mimi kama mzazi kilinimaliza. Nyumbani walikuwa wakiweka alama ukutani kila mtoto alipokua, zile za penseli ambazo hata mimi ninazo kwenye fremu ya mlango. Mama anamsimamisha yule mtoto pale. Amepungua inchi tatu. Mtoto hupungua? Anawapelekea polisi hesabu hiyo, daktari wao anakuja na maelezo kwamba mateso aliyopitia yamemkunja uti wa mgongo. Daktari wa meno anasema si yeye. Mwalimu wake wa darasa anasema si yeye. Polisi wanamwambia mama ndiye mgonjwa, wanampeleka kufungiwa hospitali ya wendawazimu.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hapa kuna ofisi nzima ya wanaume inamweleza mzazi kwamba haujui. Jolie naye aliteuliwa Oscar akaikosa. Nyinyi endeleeni na nyundo zenu.

FundiUmoja

MamaWawili umenigusa hapo kwa alama za ukutani, mke wangu anazo jikoni. Lakini niambie ukweli kuhusu sharti lake. Hii kesi nimeona inahusiana na shamba fulani la kuku?

MamaWawili

Ndiyo, na hapo lazima nikuonye kwa haki. Nusu ya pili inaingia Wineville, kwenye shamba la Gordon Northcott, muuaji wa watoto aliyekuja kunyongwa 1930 gereza la San Quentin. Kuna mvulana anayesimulia yaliyotendeka pale, na Eastwood anakuonyesha kwa vipande: shoka, kivuli, banda, macho ya watoto nyuma ya nyavu. Haonyeshi lenyewe likitendeka, lakini unajua. Kunyongwa kwenyewe pia kumeonyeshwa, na si kwa haraka.

Kwa sharti ulilotoa, mke wako ataondoka hapo. Mimi mwenyewe nilienda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

KijanaSouthB

Wazee, 1928, 2007, 2013... kuna mtu hapa ametazama kitu chochote baada ya kupata simu ya kugusa? Searching, 2018, ya Aneesh Chaganty. Baba (John Cho), binti wa miaka 16 hajarudi nyumbani, na filamu yote unaitazama kupitia skrini za kompyuta na simu. Kamera haiondoki kwenye skrini hata mara moja. Anafungua laptopu ya binti, anapita kwenye akaunti moja baada ya nyingine, na anagundua hamjui mtoto aliyemlea. Dakika 102. Damu hakuna. Shemeji atakuwa Ruiru saa nne kamili.

BintiPangani

Searching ni nzuri lakini itazame peke yako kwenye laptopu. Kwenye televisheni ya ukutani na watu wanne wamekaa mbali, zile meseji ndogondogo nani atazisoma? Na mwisho wake umefungwa kwa ribini. Fundi anataka ubishi.

MwalimuMstaafu

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote nikangoja mtu ataje M, nimechoka kungoja.

Fritz Lang, Ujerumani, 1931. Berlin inaishi kwa hofu, kuna mtu anawachukua watoto. Ni filamu ya kwanza ya Lang yenye sauti, na jinsi alivyoitumia hiyo sauti wengi wa leo hawajamfikia. Mama ameandaa meza, anamwita mtoto wake, "Elsie!", na jina linashuka ngazi tupu, linapita darini kwenye nguo zilizoanikwa, linafika kwenye sahani ambayo haijaguswa. Halafu mpira unabingirika kwenye nyasi ukasimama. Halafu puto limenaswa kwenye nyaya za simu. Basi. Huoni mtu akiguswa, huoni tone la damu, na mke wa Fundi hana la kulalamikia.

Muuaji, Peter Lorre, ana mazoea ya kupiga mluzi wimbo mmoja wa Grieg, na anayekuja kumtambua ni kipofu muuza maputo. Lorre hakujua kupiga mluzi, huo unaousikia si wake.

Lakini ninachoipendea ni sehemu ya mwisho. Polisi wamefanya misako hadi biashara za wezi zimekwama, kwa hivyo wezi wenyewe wanaamua kumtafuta mtu huyo. Wanamkamata kabla ya polisi na kumfungulia mahakama yao kwenye kiwanda kilichoachwa, na umati wote unataka afe. Mwizi mmoja kapewa kazi ya kumtetea, na anaifanya kazi hiyo kwa dhati. Huyo ndiye wakili ninayemheshimu kuliko wote wa sinema.

Na msiniambie ni mambo ya kale ya Wazungu. Oktoba 2021, hapa Nairobi, mshukiwa aliyekuwa amekiri kwa polisi kuwaua watoto alitoroka kituo cha Jogoo Road. Siku chache baadaye umati ukamuua kule Bungoma. Wengi walishangilia, na ninaelewa walishangilia nini. Lakini wazazi walikuwa na maswali, na mtu pekee aliyekuwa na majibu akazikwa nayo. Prisoners inakuuliza utafanya nini wewe baba. Lang anakuuliza mtaa wako utafanya nini, na hilo ndilo swali la mji huu.

dereva_46

Mwalimu shikamoo. Hiyo ya Jogoo Road nilikuwa nimeisahau kabisa, na naipita kituo hicho kila siku.

FundiUmoja

Mwalimu asante sana. Ila ni Kijerumani, nyeusi na nyeupe, na shemeji akikosa rangi analala. Nitaitazama mwenyewe katikati ya wiki.

NuruYaKayole

Mimi si mtu wa muvi sana lakini nimejitolea miaka kadhaa kusaidia familia zinazotafuta watoto, huku mitaa ya Eastlands, kwa hivyo nitasema la upande wangu halafu niwaache.

Kati ya hizi zote, ile inayokaribia ukweli ni Gone Baby Gone, kwa jambo moja: mtoto mara nyingi hachukuliwi na jitu lisilojulikana kwenye gari kuukuu. Katika familia nilizokutana nazo, mara nyingi aliyehusika ni mtu anayejulikana. Jamaa, jirani, msichana wa kazi aliyekaa mwezi mmoja, baba aliyeachana na mama. Au hakuna aliyemchukua, mtoto alifuata gwaride la kanisa akajikuta Dandora hajui jina la mtaa wake. Prisoners inawafanya watu waogope gari lisilo lao na kumwacha mjomba.

La pili, muvi hizi zote zina hilo jambo la saa. Saa 24 za kwanza, saa 48 za kumshikilia mshukiwa, na kadhalika. Watu huku wameyachukua hayo wakaamini kwamba mtoto akipotea unatakiwa kungoja saa 24 ndipo uende polisi. Hapana. Nenda sasa hivi, kituo kilicho karibu, uandikishe na upewe namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi. Namba hiyo uiandike kwenye kila tangazo. Beba picha ya karibuni, si ya ubatizo, na ujue alivaa nini siku hiyo. Kuna 116 ya Childline, simu ni ya bure, saa zote.

La tatu, zile picha za WhatsApp. "Mtoto amepotea, tuma kwa makundi yako yote." Nimewahi kupokea tangazo la mtoto aliyerudi nyumbani zamani, sasa anacheza mpira timu ya shule, na bado anatafutwa kwenye kundi la maombi. Mama yake amechoka kupokea simu. Kabla hujatuma, angalia kama kuna tarehe na OB. Mtoto akipatikana, mwenye tangazo atume tena picha hiyohiyo ikiandikwa AMEPATIKANA kwa herufi kubwa, na wewe uitume kwa wale uliowatumia mwanzo. Karibu hakuna anayefanya hilo.

Haya, rudini kwa muvi.

MzeeKaloleni

Nuru asante. Hilo la gari na mjomba limeniuma kwa sababu ni kweli. Bado nashikilia Prisoners, lakini nitaitetea kama filamu tu, si kama onyo kwa wazazi.

OmondiWaReli

Na ya Kenya je? Tuna kisa kama hiki kwetu na hatuna filamu?

BintiPangani

Za uhalifu tunazo. Nairobi Half Life (2012) ya Tosh Gitonga kila mtu ameiona, na Crime and Justice ya Showmax (2021) ilijaribu mtindo wa polisi na mahakama. Lakini ya watoto waliopotea, ndefu na nzito ya kulinganisha na hizi, sina ya kukupa. Nenda kwa BBC Africa Eye, The Baby Stealers, ya 2020, kuhusu watoto wachanga wanaoibwa na kuuzwa hapahapa Nairobi, wengine kutoka kwa akina mama wanaolala barabarani. Ile si ya kubuni. Haina muziki wa kukubana kifua na haiuhitaji. Usiitazame na wageni.

OmondiWaReli

Niliiona. Mwezi mzima nilikuwa nikipita mjini nahesabu akina mama wenye watoto mgongoni. Afadhali Jackman na nyundo yake.

KijanaSouthB

Tuzungumzie mwisho wa Gone Baby Gone tafadhali, nimebanwa nao tangu chuo.

BintiPangani

FUNDI RUKA HUU. Na mwingine yeyote ambaye hajaiona.

Haya. Mtoto yuko hai. Amechukuliwa na kapteni wa polisi mwenyewe, Morgan Freeman, ambaye aliwahi kupoteza binti yake. Anakaa na mkewe kwenye nyumba nzuri mashambani, mtoto anapendwa, anakula, ananawa. Mama yake wa kuzaliwa ni Helene yuleyule. Patrick amewapata, Angie anamsihi amwache mtoto pale pale. Patrick anapiga simu polisi. Kapteni anafungwa, mtoto anarudi kwa Helene, Angie anamwacha Patrick.

Na mwisho Patrick anakwenda kumtembelea, anamkuta Helene anajipamba kwenda kukutana na mwanaume na hajapanga nani atabaki na mtoto. Patrick anasema atabaki yeye. Anakaa kochini na mtoto, anamuuliza kuhusu mwanasesere wake, Mirabelle, jina ambalo Helene alilitaja kwenye kila mahojiano ya televisheni. Mtoto anasema: Annabelle. Mama alikuwa hajui hata jina la mwanasesere. Filamu imeisha.

Mimi niko na Angie. Patrick angemwacha mtoto pale.

MamaWawili

Ungemwacha mtoto wa mtu kwa polisi aliyemwiba? Binti! Leo ni Helene kwa sababu anatumia unga. Kesho ni mama wa kibarua anayetoka saa kumi usiku kwenda Industrial Area na mtoto kabaki na jirani, mtu mwenye nyumba ya mawe Karen anaamua kwamba yeye atamlea vizuri zaidi. Nani anapima? Ndiyo hao kina kapteni wa Changeling, wanajua mtoto ni wa nani kuliko mama.

BintiPangani

Mama, mimi sisemi maskini wanyang'anywe watoto. Nasema huyu mtoto, huyu mmoja, yule wa kochini.

MamaWawili

Hakuna "huyu mmoja". Sheria haina mtoto mmoja.

MwalimuMstaafu

Patrick aliahidi. Alimwambia mama mtu, kwa kinywa chake, kwamba atamrudisha mtoto. Wengi mnalisahau hilo. Mimi niko na Patrick, na ninafikiri alijuta maisha yake yote, na hayo mawili hayapingani.

NuruYaKayole

Kuna njia ya tatu ambayo filamu haikuipa nafasi: mtoto akae na shangazi, yule aliyewakodi wapelelezi, chini ya uangalizi wa maafisa wa watoto, na mama asaidiwe kuacha unga. Huku tungeanzia hapo. Lakini basi kusingekuwa na muvi.

KijanaSouthB

Shangazi! Miaka yote hii sikuwahi kumfikiria shangazi.

BintiPangani

Nuru umeniharibia ubishi wangu wa miaka. Ila mume wa shangazi mwenyewe alikuwa ndani ya ule mpango, kwa hivyo hapo pia pana kazi.

dereva_46

Ubishi huu mmefanya ukurasa mzima na Fundi bado hajasema.

FundiUmoja

Nimeruka kama mlivyoniambia, nimeona tu watu wazima wanagombana kuhusu shangazi. Hilo limenitosha: ni Gone Baby Gone. Mke wangu nimemsomea maelezo ya MamaWawili kuhusu banda la kuku, amesema hapana kabla sijamaliza, na Prisoners amesema nitazame mwenyewe na shemeji siku ambayo yeye hayupo. Tunaanza saa moja na nusu, ikiisha kuna saa nzima ya kubishana kabla ya steji.

Kuna la kujua kabla?

BintiPangani

Washa maandishi ya chini hata kama mnajua Kiingereza. Wale watu wa Dorchester wanameza nusu ya maneno, na Casey Affleck anaongea kana kwamba analipishwa kwa kila neno. Na dakika za mwanzo msiongee, yale anayosema akiwa anapita mtaani ndiyo mtakayoyahitaji baadaye.

MzeeKaloleni

Na shemeji akichelewa kufika msimngoje.